Vifaranga wanaokufa katikati ya rundo: namna ya kupanga maboksi yapate hewa safarini

Kipindi hiki watu wengi wanaagiza vifaranga ili kuku wawahi soko la mwisho wa mwaka, na simu ninazopigiwa zinafanana sana. "Afisa, nimefungua boksi nimekuta kumi na nane wamekufa. Hawa si wameniuzia vifaranga wabovu?" Inawezekana. Lakini nikiuliza maboksi yalisafirije, mara nyingi jibu linakuja lenyewe: yalikuwa kwenye buti la basi, yamepangwa sita kwenda juu, pembeni magunia ya mchele na nyuma tairi la akiba.

Leo tuongelee jambo hilo moja, hewa inayopita kati ya boksi na boksi. Mambo ya chanjo na chakula tutayaacha kwa leo.

Tuanze na boksi lenyewe. Boksi la kawaida la kadibodi linabeba vifaranga 100, na ndani limegawanywa vyumba vinne, kila chumba 25. Kuna matundu ubavuni na kwenye mfuniko. Ukiangalia vizuri juu ya mfuniko au kwenye kona utaona vipande vimeinuka, kama vimasikio au vijiguu. Wengi wanadhani ni mapambo ya kiwandani, na wapo wanaovikandamiza ili maboksi yakae sawa. Kazi ya vijiguu hivyo ni kuzuia boksi la juu lisikalie matundu ya boksi la chini, ibaki nafasi ya hewa kupita. Ukivibonyeza umeziba boksi, hata kama matundu yote yapo.

Sasa kwa nini hewa iwe jambo kubwa kiasi hicho? Kifaranga wa siku moja ana uzito wa kama gramu 40. Mmoja hana joto la kukusumbua, lakini 100 ndani ya boksi ni kilo nne za viumbe hai wenye joto la mwili la nyuzi 40 hivi, wote wanapumua, wote wanatoa joto na unyevu mfululizo. Vifaranga wakiwa vizuri, hewa ndani ya boksi usawa wa migongo yao huwa karibu nyuzi 32. Ili ifike hapo, hewa ya nje ya boksi, yaani ndani ya gari, inatakiwa iwe karibu nyuzi 24. Hizo nane za juu wanaziongeza wao wenyewe, tena hewa ikiwa inapita vizuri.

Sasa fikiria Dar es Salaam mwezi Januari, mchana nyuzi 32 nje. Ongeza nane. Na hapo sijaweka buti lililofungwa, wala lami inayochemka chini, wala injini, ambayo kwenye mabasi mengi iko nyuma kabisa.

Kuku hatoi jasho. Akizidiwa na joto anafungua mdomo na kuhema haraka haraka, ule unyevu unaotoka ndiyo unampoza. Njia hiyo inafanya kazi kama hewa inayomzunguka ni kavu kiasi. Kwenye rundo lisilopitisha hewa, unyevu wa pumzi za vifaranga 600 unabaki palepale. Kifaranga anahema, anapoteza maji ya mwili, na hapoi. Ndiyo maana ukifungua boksi la katikati unakuta wamelowa kama walionyeshewa, shingo zimenyooka, wengine wamelaliana kwenye kona zenye matundu wakitafuta pa kupumulia. Hewa chafu nayo inaongezeka, maana ile waliyoitoa hakuna mpya ya kuisukuma nje.

Wale wanaobaki hai nao wana hasara yao. Angalia miguu: ikiwa imekauka na mishipa inaonekana, huyo amepoteza maji mengi. Wengi wa namna hiyo hudumaa au hufa ndani ya wiki ya kwanza, wakati huo wewe unahangaika kununua dawa. Piga hesabu kwa bei uliyonunulia. Kifaranga akiwa shilingi 1,800, kumi na tano wakifa boksi moja umepoteza 27,000, na kwa maboksi sita ni 162,000, kabla hujahesabu waliodumaa. Kikundi kimoja cha akina mama kwenye kata ninayohudumia waliagiza vifaranga 600 kwa mkopo wa kikundi. Maboksi yalifungwa kamba matatu matatu, yakasukumwa mwisho wa buti. Boksi la juu kabisa na la chini kabisa hawakufa hata kumi jumla. Yale ya katikati yalitia huruma. Mkopo ule walirejesha kwa kuuza mahindi.

Tuje kwenye kupanga. Kwanza, maboksi yawe ya aina moja ili vijiguu vikae kwenye nafasi zake. Kama yamechanganyika, au vijiguu vimelegea, weka fito mbili au vipande vya mbao vyenye unene wa vidole viwili kati ya kila boksi na boksi. Fundi seremala atakupa mabaki bure. Panga matundu ya ubavuni yatazamane na njia ya hewa, yasitazamane na ukuta wa gari. Kati ya safu na safu acha upana wa kiganja, na kutoka kwenye ukuta vilevile. Chini kabisa usiweke boksi moja kwa moja kwenye bati la gari, inua kwa mbao, maana bati linapata moto, na ukipita baridi linakuwa barafu.

Urefu? Kwa kadibodi mimi sipendi zaidi ya matano. Kadibodi inanyonya unyevu wa vifaranga wenyewe, baada ya saa sita inalainika, la chini linabonyea na nafasi ya hewa inapotea bila mtu kujua. Kreti za plastiki zinahimili zaidi na zinapitisha hewa vizuri, ila lazima zioshwe na kuwekwa dawa kila safari.

Hapa katikati kuna jambo watu wanalikosea kwa nia njema. Wanasema, "huku kwetu baridi, tuzibe matundu." Basi la kutoka Dar kuja Mbeya linakwenda zaidi ya kilomita 800. Linaanza kwenye joto la Pwani, linapita Morogoro na Mikumi, linashuka bonde la Ruaha Mbuyuni kwenye mibuyu ambako joto ni kali kabisa, linapanda Kitonga, halafu baada ya Iringa linaingia Mafinga na Makambako ambako usiku wa Juni na Julai hata mtu mzima anatafuta blanketi. Vifaranga hao hao, boksi hilo hilo. Ukiziba matundu Dar kwa sababu ya baridi ya Makambako, hawafiki Makambako.

Baridi inazuiliwa kwa kukinga upepo, matundu yaachwe wazi. Upande upepo unakotokea weka kizuizi, shuka au turubai lililosimama mbali kidogo na maboksi, pande nyingine zibaki huru. Unaweza pia kupunguza nafasi kati ya safu na safu ukishapanda mlima, lakini usiiondoe yote. Na usisafirishe boksi lenye vifaranga wachache waliotawanyika: kama ni 50, wajaze vyumba viwili vya 25, wapeane joto. Wakati wa joto kali fanya kinyume, omba wauzaji waweke 20 kila chumba, yaani 80 kwa boksi. Utalipia boksi la ziada, ni nafuu kuliko mizoga.

Kuhusu basi: buti nisingependa kabisa. Halina dirisha, vumbi na moshi wa eksozi vinaingia, na ukishafunga mlango hujui kinachoendelea. Ongea na konda kabla ya siku ya safari, si asubuhi stendi watu wakigombania nafasi ya mizigo. Maboksi mawili matatu yanaweza kukaa ndani ya basi, sehemu isiyopigwa na jua la dirishani wala upepo wa moja kwa moja wa kiyoyozi. Kama ni mengi, kuna watu wanalipia siti mbili na hawajutii. Ikishindikana kabisa na lazima yaingie kwenye buti, basi yawe ya mwisho kupakiwa, karibu na mlango, mbali na injini, na mtu wako awepo ndani ya basi. Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, mimi nawashauri wanaoagiza kutoka Pwani miezi ya joto wachague basi la jioni. Bonde la Ruaha usiku ni kitu kingine kabisa.

Gari likiwa linatembea kuna hewa kidogo inayopenya. Hatari kubwa ni likisimama. Foleni ya mizani, chakula, kuharibika, pancha: joto kwenye rundo linaanza kupanda mara moja kwa sababu hakuna kinachoisukuma hewa. Mtu wako akishuka kula, kwanza afunguliwe buti. Asile kabla hajasikiliza maboksi. Ndiyo, kusikiliza. Vifaranga wenye raha wanatoa sauti ya chini chini, wengine wamelala. Wakipiga kelele kali zote kwa pamoja, kuna tatizo. Achungulie boksi la katikati, asiangalie la juu tu: midomo wazi na mabawa yametanuliwa ni joto, kujikunyata na kusongamana ni baridi. Kama hana uhakika, amshike mmoja na kugusisha miguu yake shavuni. Miguu ikiwa ya baridi, kifaranga amepoa.

Wenye Noah au gari dogo, fungua kidogo dirisha la mbele upande mmoja na la nyuma upande wa pili, hewa ikatize. Usiegeshe juani ukaingia dukani "dakika mbili". Pikapu isifunikwe turubai lililogusa maboksi. Liinue kwa fito, nyuma libaki wazi. Na bodaboda ya kumalizia safari, maboksi mawili yanatosha. Mvua ikinyesha funika kwa kitenge au koti la mvua mbele na juu, usiyaviringishe nailoni. Nimeona boksi lililoviringishwa nailoni kwa kilomita nane tu, na lilishatosha.

Jambo jingine linalohusiana na muda. Mnaambiwa kifaranga anaweza kukaa siku tatu bila kula kwa sababu ya kiini cha yai kilichobaki tumboni. Ni kweli, lakini saa hizo zinaanza kuhesabiwa alipotoka kwenye yai, na wengine wameshakaa karibu siku nzima kabla hawajawekwa kwenye boksi. Tena kiini hicho kinampa nguvu, hakimkingi na joto. Kifaranga anayehema njia nzima anamaliza maji yake mapema sana.

Wakifika, tengua rundo kwanza kabla ya salamu. Maboksi yapange moja moja chini, kivulini, mifuniko wazi, hata kama bruda iko mbali. Bruda iwe imeshapata joto, maji ya uvuguvugu yawe tayari. Waliochoka kwa joto waanze na maji, chakula kifuate baada ya saa moja au mbili.

Lakini kabla hujawamimina kwenye bruda fanya kitu kimoja ambacho wafugaji wengi hawafanyi. Siku ya kupakia, andika namba kwenye kila boksi kwa kalamu ya wino mzito: safu ya ngapi, la ngapi kutoka chini. Ukifika, hesabu waliokufa kwa kila boksi na uandike, piga na picha. Vifo vikiwa vimesambaa karibu sawa kwenye maboksi yote, hapo una haki ya kumuuliza mtotoleshaji. Vikijaa katikati ya rundo au upande wa ukutani, ni hewa. Vikiwa upande wa mbele uliopigwa upepo, ni baridi. Bila maandishi hayo muuzaji atamsukumia konda, konda atakusukumia wewe. Ukiwa nayo, mazungumzo yanakuwa mafupi, na safari ijayo unajua boksi gani lihamishwe.

Maboksi ya kadibodi yakishatumika yachome. Usiyarudishe kwa muuzaji wala kuyaazima jirani: yanabeba magonjwa, na vijiguu vyake vimeshalegea, hayataacha nafasi tena.