Baiskeli ya Firq: Kuitunza Kwenye Jua, Vumbi na Mvua

Siku ya kwanza ya masomo, mwezi wa Septemba, mpwa wangu alitoka nyumbani kwetu Firq alfajiri na baiskeli yake kwenda chuoni Nizwa. Haikupita robo saa simu ikalia. "Mjomba, tairi la mbele limepasuka. Nimeanguka, lakini sijaumia sana. Njoo."

Nilimkuta kando ya barabara, goti limechubuka, viganja vinatoka damu. Lori lililokuwa nyuma yake lilimkwepa kwa bahati tu. Dereva alikuwa hajaondoka. Alikuwa akimpa maji.

Baiskeli ile ilikuwa nzima kijana alipokwenda Unguja kwa likizo mwezi wa Juni. Aliiegemeza ukutani, upande unaopigwa na jua la alasiri, ikakaa hapo kiangazi kizima. Aliporudi alijaza upepo, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akaliona limekaza, basi. Hakuziona nyufa ndogondogo zilizolizunguka ubavuni. Mimi pia sikuziona, na mimi ndiye mtu mzima wa nyumba.

Tangu siku ile tuna utaratibu. Nauandika kwa ajili ya wazazi wenzangu na wanafunzi, kwa sababu wengi wetu tulikua na baiskeli Zanzibar, Tanga au Mombasa tukadhani tunazijua. Nchi ikibadilika, adui wa baiskeli naye hubadilika.

Jua

Firq iko kusini kidogo ya mji wa Nizwa, mbali na upepo wa bahari. Kuanzia Mei joto la kivulini hupita nyuzi 40 mara nyingi, na kitu kilichoachwa juani hupata joto zaidi ya hapo. Jua hukausha mpira wa tairi mpaka ukapasuka nyufa. Gundi ya kiraka nayo hulainika, na kiraka cha zamani huachia.

Upepo ulio ndani ya tairi hutanuka pia. Ukijaza paundi 60 asubuhi joto likiwa nyuzi 30, kisha tairi likafika nyuzi 60 juani, kipimo kitakaribia paundi 67. Tairi zima hustahimili hilo. Tairi lililokauka huenda lisistahimili. Ndiyo maana tunapima kwa pampu yenye saa, si kwa kidole, na tunafuata kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi bila kukipita.

Hata mabingwa wamekumbwa na joto la Oman. Februari 2015, kwenye mashindano ya Tour of Oman, hatua ya tano ilifutwa baada ya dhoruba ya mchanga na joto kali; matairi yalikuwa yakipasuka, na waendeshaji wakakataa kuendelea. Breki zinazobana rimu huipasha joto kila unapozishika, hasa kwenye mteremko mrefu. Vijana wanaotamani kupanda Jabal Akhdar kutokea Birkat al Mouz walikumbuke hilo. Wakati wa kushuka, kamata breki kwa nguvu kidogo kisha uachie, usizing'ang'anie, na simama njiani rimu zipoe.

Baiskeli yetu sasa hulala ndani, chini ya ngazi. Na sheria ya Oman inayokataza kazi za nje juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana, kuanzia Juni hadi Agosti, tumeifanya kuwa sheria ya nyumba pia: saa hizo hakuna kuendesha.

Vumbi na miiba

Kule Unguja tulizoea kumwagia mnyororo mafuta mengi ili usishike kutu. Ukifanya hivyo Firq, vumbi hugandamana na mafuta, na mnyororo hujisaga wenyewe na kula meno ya gia. Hapa tunafuta mnyororo kwa kitambaa kikavu, tunatia tone moja la mafuta mepesi ya mnyororo kwenye kila kiungo, tunazungusha pedali, kisha tunafuta tena mpaka nje pabaki pakavu. Yapo pia mafuta yenye nta, ambayo hayashiki vumbi kwa urahisi.

Kujua kama mnyororo umechoka kunahitaji rula tu. Pima kutoka katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele yake. Mnyororo mpya huwa inchi 12 kamili. Ukizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha. Ukiungoja ufike moja ya nane, utanunua na gia.

Miiba ni ya mkunazi na mgunga, na mitende mashambani nayo ina yake. Ukipata pancha, usikimbilie kubadili tyubu. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi, utafute mwiba uliobaki. Mpwa wangu aliwahi kutoboa tyubu mbili kwa mwiba mmoja.

Mvua na wadi

Mvua ni chache, lakini ikinyesha milimani maji hushuka kwa kasi hata pale mlipo nyinyi mkiona jua. Aprili 2024 mafuriko ya wadi yaliua watu Sharqiyah Kaskazini, wakiwemo watoto wa shule wa Samad A'Shan. Kwa hiyo watoto wetu wameambiwa: wadi ikiwa na maji yanayotembea, hata ya kufika kifundo cha mguu, shuka, geuza baiskeli, piga simu. Kuchelewa shule hakuna adhabu nyumbani kwetu.

Baada ya mvua, osha tope kwa maji ya taratibu, kausha, kisha tia mafuta upya. Futa na raba za breki. Punje za mchanga zilizonasa humo huikwaruza rimu.

Kwa walio mbali zaidi

Majira ya baridi hapa ni mazuri kwa baiskeli, ila Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kitu chenye kuakisi mwanga mgongoni.

Wanafunzi mlio Uingereza au Kanada, kwenu mambo ni kinyume. Baridi hupunguza upepo wa tairi, basi pimeni kila wiki. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula mnyororo na waya za breki. Suuzeni kwa maji ya vuguvugu, kausheni, mtie mafuta mazito yasiyooshwa na mvua. Madigadi nayo ni ya lazima.

Dakika kumi za Ijumaa

Kila Ijumaa asubuhi tunakagua kwa mpangilio huu: upepo na nyufa za matairi, raba na waya za breki, mnyororo, skrubu za usukani na kiti, spoki, kwa kuzibinya mbilimbili kusikia iliyolegea, mwisho taa na kengele. Kwenye mfuko mdogo chini ya kiti mna tyubu moja, viraka, gundi, vyuma viwili vya kutolea tairi na pampu fupi. Kofia ngumu hutundikwa kwenye usukani, asiisahau. Maji hubebwa zaidi ya yanayodhaniwa kutosha.

Mwaka huu, kabla ya kusafiri Juni, kijana aliiweka baiskeli chini ya ngazi mwenyewe, akaifunika shuka kuukuu. Aliporudi alibadilisha matairi yote mawili kabla ya kuipanda. Mama yake, dada yangu, anajua habari ya goti tu. Ya lori bado hatujamwambia.