NYUMBA ZETU, BARIDI YA MWEZI WA SABA NA JOTO YA MWEZI WA KUMI

Kila mwaka ni vilevile. Mwezi wa sita na wa saba tunafika kwenye masomo na masweta mbili. Mwezi wa kumi hatupate usingizi juu ya joto. Wengi wanasema: ni Lubumbashi, iko juu sana, karibu meta 1,200 kupita bahari. Ni kweli, lakini hewa ya inje ni moja kwa watu wote wa Makomeno, na manyumba hayafanane. Njo maana tumetaka kueleza namna joto inaingia na kutoka ndani ya nyumba, na namna inchi zingine zimeweka sheria juu ya neno hili.

Sheria hizo si za zamani sana. Mwaka 1973 bei ya petroli ilipanda kwa nguvu, na mwaka 1974 Ufaransa ikaweka sheria ya kwanza: nyumba mpya isijengwe bila kuhesabu joto inayopotea. Kisha wakakaza. Sheria ya 2012 ilitaka nyumba mpya isipite, kwa wastani, kilowati-saa 50 kwa mwaka kwa kila meta ya mraba. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2022 wameanza sheria nyingine, na hiyo inahesabu hata masaa ya joto kali ndani ya nyumba, hapana baridi tu. Karibu na sisi, Rwanda mwaka 2019 iliweka kanuni za majengo yasiyokula umeme na maji mengi, zaidi kwa majengo makubwa.

Kuchukua hesabu za Ufaransa na kuzileta hapa kungekuwa kazi bure. Wao wanapigana na theluji. Sisi shida yetu kubwa ni paa.

Tazameni ramani: Lubumbashi iko karibu digri 11 na nusu kusini ya ikweta. Kati ya tarehe 20 na 25 mwezi wa kumi, saa sita ya muchana, jua inasimama juu ya kichwa kabisa. Kivuli cha mutu kinajificha chini ya miguu. Wakati ule ukuta haupate jua karibu hata kidogo, paa inapata yote. Na paa yetu ni malata (mabati, wanasema ndugu wa Tanzania), chuma ambayo unene wake haufike milimeta moja. Joto inapita pale kama maji ndani ya kitunga. Lata yenye kutu inameza joto kupita ile yenye kungaa.

Usiku wa mwezi wa saba ni kinyume. Mbingu iko wazi, hakuna wingu, na lata inatupa joto yake yote kule juu. Inakuwa baridi kupita hata hewa ya inje. Pumzi ya watu waliolala inapanda, inagusa lata, inageuka maji. Asubuhi matone yanaanguka juu ya vitanda na watoto wanauliza kama mvua imenyesha.

Ukuta wa matofali una tabia nyingine. Kwa unene wa sentimeta 20, joto inakawia ndani yake karibu masaa tano ao sita. Jua ya saa tisa inafika chumbani saa tatu ya usiku. Sasa mumefahamu kwa nini mwezi wa kumi familia nzima inakaa inje kisha kula!

Na watu wanafanya nini nyumba isiposhika joto? Wanaingiza mbabula chumbani, wanaziba mulango na madirisha kwa nguo. Hapa hatucheke. Makala yanayowaka bila hewa ya kutosha yanatoa gazi, monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, wala rangi, wala moshi. Ndani ya damu inajishika na hemoglobini kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200. Mutu anasikia kichwa kuuma, kisha usingizi, kisha hana tena nguvu ya kuinuka na kufungua. Musidanganyike na makala mekundu yasiyo na moshi: yale njo yanatoa gazi hiyo. Mbabula ikae inje. Mwenye kuumwa kichwa atolewe kwenye hewa kwanza, maswali yatafuata.

Basi dawa ya kwanza ni plafo. Tripleksi ni nzuri lakini bei yake tunaijua. Mikeka ao karatasi nzito za karto zinasaidia sana pia, mbali na kamba za umeme, sababu karto inashika moto upesi. Juu ya plafo tunaacha matundu kwa pande mbili za nyumba, joto ipate njia ya kutoka, na tunaweka waya ndogo, kama sivyo popo watahamia. Chokaa nyeupe juu ya malata inarudisha jua, ila mvua inaiosha, inaombwa kupaka tena kila mwaka.

Kwa mwenye kujenga mupya, madirisha makubwa yatazame kaskazini. Mwezi wa sita jua yetu inapita upande ule. Paa ikitoka sentimeta 60 mbele ya ukuta, saa sita ya muchana kivuli chake kinashuka karibu sentimeta 85 toka ukingo wa paa, na chini ya pale jua inaingia na kupasha chumba. Mwisho wa mwezi wa kumi haiingie hata kidogo. Fundi anaweza kupima hayo kwa kamba mbele ya kuweka mbao. Kuta za mashariki na magaribi hazipate musaada wa paa hiyo, maana pale jua inakuja chini-chini. Huko dirisha liwe dogo, ao tupande muembe.