Tope la Bahi na Hesabu ya Kaboni

Wengi wetu hapa chuoni Bahi tunaijua kwa mchele tu. Ukipita na basi la Singida kiangazi unaona tambarare iliyopasukapasuka. Pita Machi ya mvua nzuri, ni maji na majaruba. Mto Bubu unatoka huko Kondoa na kuishia hapo. Hauendi baharini, kwa hiyo udongo, majani na samadi unavyobeba, vyote vinabaki Bahi.

Sasa kaboni inaingiaje? Nyasi hunyonya hewa ukaa, zikifa zinalala chini ya maji. Kule oksijeni ni haba, na vijidudu vinavyoozesha vinafanya kazi kivivu, kama sisi wiki ya kwanza ya semista. Kaboni inajilimbikiza. Ndiyo maana vinamasi vya katikati ya bonde la Kongo, vilivyochorwa ramani mwaka 2017, vilikadiriwa kuhifadhi tani bilioni 30 za kaboni.

Ila Bahi si Kongo, bwana. Bahi inakauka. Na hapa kuna jambo lililogunduliwa jirani kabisa: mwaka 1958 H. F. Birch, mtafiti wa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, alieleza kwamba udongo uliokauka sana ukilowa ghafla, vijidudu huamka kwa fujo na kutoa hewa ukaa nyingi kwa siku chache, kisha hutulia. Dunia nzima leo inaita athari ya Birch. (Ile harufu tamu ya mvua ya kwanza siyo yenyewe, hewa ukaa haina harufu.)

Maji yakituama wiki kadhaa, oksijeni inaisha na vijidudu vingine vinashika zamu. Hivi vinatoa methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto takribani mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Mpunga wenyewe unaisaidia kutoka, maana hupita ndani ya mashina yake.

Kwenye mabishano ya hosteli kuna atakayesema: basi tukaushe! Hapana. Ukikausha kabisa, kaboni ya miaka mingi inaoza na kwenda hewani, na mkulima wa Bahi, ambaye hata gari hana, anakosa chakula na ada ya mtoto. Bora kilimo shadidi: maji yanaingizwa, yanaachwa yapungue hadi udongo upate hewa, yanaingizwa tena. Methani inapungua sana, na maji yanabaki kwa jirani wa chini ya mfereji. Shida ni kwamba kinataka mfereji unaofungulika na kufungika kwa zamu, na palizi inaongezeka.

Anayetafuta mada ya utafiti: ndoo ya kufunika udongo, sindano ya kuvuta hewa, nauli ya Bahi. Pima kabla ya mvua ya kwanza, rudia siku mbili baadaye. Mashine ya kusoma gesi ndiyo utakayoihangaikia.