Kilio katika mwaka wa korona

Tarehe 18 Machi 2020 Rais Félix Tshisekedi alifunga makanisa na mashule, akakataza pia watu kukusanyika kilioni: maiti itoke hospitali moja kwa moja mpaka kaburini, pamoja na watu wachache tu. Sababu ni wazi. Korona hupita kwa pumzi, na kilio hujaza nyumba usiku kucha. Tena hapa Kindu, mtu akifa Alunguli, ndugu wa Kasuku huvuka Lualaba kwa mitumbwi, wakibanana.

Kwetu amri hiyo ilikuwa kali kuliko ile ya makanisa. Makanisa yalifunguliwa tena tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Lakini maiti huzikwa mara moja tu. Misa ya wafu hata leo yaweza kusomwa kwa ajili yao. Makatekista wawaendee wajane wa miezi ile, watuletee majina.