Mshipa Mkuu wa Tumboni: Kipimo cha Mwanamume Hakimtoshi Mwanamke

Katika toleo hili twaeleza ugonjwa ambao mara nyingi hauumi mpaka siku ya hatari.

Mshipa mkuu wa damu, yaani aota, hutoka moyoni, hushuka kifuani na kupita tumboni mbele ya uti wa mgongo. Hapo tumboni upana wake wa kawaida ni kama sentimita 2. Kwa wanawake ni mwembamba zaidi kidogo. Ukuta wake ukidhoofika, hufutuka kama tyubu ya baiskeli palipochakaa. Ukifika sentimita 3, madaktari huuhesabu kuwa ni ugonjwa. Ukipasuka, damu humwagika ndani, na wengi hufa kabla ya kufika hospitali.

Wanaume wanaoupata ni takriban mara 4 hadi 6 ya wanawake. Ndiyo maana wengi huuita ugonjwa wa wazee wa kiume. Lakini mwanamke akiupata, humwelemea zaidi.

Uchunguzi uliofanywa Uingereza, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 1998, ulionyesha kwamba mshipa usiofika sentimita 5.5 waweza kuangaliwa tu bila kupasuliwa. Walioshiriki walikuwa 1,090, na zaidi ya 8 katika kila 10 walikuwa wanaume. Mwaka 1999 wataalamu hao, baada ya kufuatilia wagonjwa wengi zaidi, walieleza kwamba hatari ya mshipa kupasuka kwa wanawake ni mara 3 ya ile ya wanaume. Sababu moja ni wazi: mshipa uliokuwa mwembamba tangu awali, ukifika sentimita 5, umetanuka kupita kiasi chake.

Kwa hiyo mwaka 2019 wataalamu wa mishipa wa Ulaya walishauri kwamba upasuaji wa mwanamke waweza kufikiriwa kuanzia sentimita 5. Hata hivyo, mpango wa upimaji ulioanza England mwaka 2009 huwaita wanaume wa miaka 65 tu.

Tufanye nini? Kwanza, tuache sigara, adui mkubwa wa mshipa huu kwa wote. Pili, tupime shinikizo la damu. Tatu, mzee aliyevuta sigara, au ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja aliugua, amwulize daktari juu ya kipimo cha altrasaundi, kisicho na sindano wala kisu. Nne, maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, pamoja na kizunguzungu au kuzimia, ni ya kukimbiziwa hospitali saa hiyo hiyo.

Mgongo wa mchuma chai na wa mpakia mizigo huuma kila siku, na ni rahisi kuambiwa ni uchovu tu. Wajumbe wa chama matawini wasikubali jibu hilo kwa maumivu ya namna hii. Na mgonjwa akiwa mama, asirudishwe nyumbani kwa kuwa ugonjwa huu ni wa wanaume.