14 kwa 9: jua presha yako inasema nini

Katika vituo vya afya vya Rutshuru na Kiwanja, kama kwingineko Kongo, muuguzi akimaliza kukupima presha husema kwa kifupi: "Kumi na mbili kwa nane." Mashine ya betri huandika 120/80. Ni kipimo kile kile: cha kwanza ni sentimita za zebaki, cha pili ni milimita. Kwa hiyo 16 kwa 10 ni 160/100, nayo ni presha ya juu.

Namba ya kwanza ni msukumo wa damu katika mishipa wakati moyo unapopiga. Ya pili ni wakati moyo unapolegea kabla ya kupiga tena. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (OMS), una ugonjwa wa presha ikiwa, kwa siku mbili tofauti, ya kwanza imefika 140 au ya pili imefika 90. Si lazima zipande zote mbili.

Kwa nini siku mbili? Presha hupanda na kushuka. Aliyefika sasa hivi na mzigo mgongoni, aliyetoka kunywa kahawa, mwenye hofu au aliyebana mkojo anaweza kuonyesha namba kubwa kuliko yake ya kawaida. Keti kwanza dakika 5, egemeza mgongo, laza mkono mezani usawa wa moyo, nyamaza.

Tangu vita vya waasi wa M23 viliporudi mwishoni mwa 2021, familia nyingi za Rutshuru zimekimbia, wengine hadi Kanyaruchinya karibu na Goma. Anayekimbia huacha dawa nyumbani, na kwa kuwa presha mara nyingi haiumi, hudhani amepona. Vidonge huishusha presha, haviiondoi. Ukiviacha itapanda tena, na mwisho wake unaweza kuwa kupooza, moyo kuchoka au figo kuharibika. Andika jina la dawa, kiasi unachomeza na presha yako ya mwisho. Weka karatasi hiyo pamoja na kadi ya uchaguzi. Popote utakapofikia, muuguzi ataanzia hapo.

Jikoni, chumvi yote ya siku isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Makayabu (samaki wa chumvi) yaloweke na kumwaga maji yake kabla ya kupika.

Ukifika 180/120 ukiwa na maumivu ya kifua, pumzi fupi, au mkono na ulimi vimelegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mama mjamzito mwenye 140/90 aonwe siku hiyo hiyo, hata kama hasikii lolote. Na usitoke kituoni kabla hujaambiwa namba zote mbili.