Mteja akiulizia lifti ya gari, usianze na bei

Umeweka picha ya lifti ya gari kwenye stetasi. Nusu saa haijaisha, fundi mmoja kaingia inbox: "Kaka, hiyo ya tani nne bei gani? Nina kagereji kangu hapa nyumbani."

Wengi wetu hapo hapo tunatupa bei na kumalizia na "mzigo upo, karibu bosi". Ngoja kwanza ndugu yangu. Hii sio kava la simu. Kava likigoma mteja analirudisha. Lifti ikigoma, gari linashuka, na aliye chini yake ni huyo huyo mteja wako.

Kwetu Sirari soko lipo. Barabara ya kutoka Mwanza na Musoma inafika hapa mpakani, ng'ambo ni Isebania na njia ya Migori. Probox, Noah na Hiace zinapita kutwa, bushi na shokapu zinakufa, na mafundi wanafungua gereji uani kwao. Ukijua kumsaidia fundi achague vizuri, atakuletea na wenzake. Kabla ya bei, muulize maswali manne.

1. Unatengeneza sana gari gani?
Probox tupu ina karibu tani 1.1, Noah karibu tani 1.6, Hiace inakaribia tani 2, Land Cruiser inazidi hapo. Ila angalia hili: lifti ya nguzo mbili ya tani 4 ina mikono minne, na kila mkono umepangiwa robo tu, yaani tani 1. Gari lenye mzigo nyuma linaegemeza uzito upande mmoja. Kwa hiyo mwambie fundi ashushe mizigo kabla ya kunyanyua, na asinunue lifti ambayo uzito wake wa mwisho unalingana kabisa na gari lake zito. Aache nafasi.

2. Sakafu yako ni zege au ni niru tu?
Hapa ndo wengi wanaanguka. Nguzo mbili zinasimama kwa bolti zilizozama sakafuni, hakuna kingine kinachozishika. Lifti nyingi za aina hii zinataka zege imara la kuanzia sentimita 10, nyingine 15. Niru ya sentimita 4 juu ya mawe na kifusi inang'aa kama zege, lakini bolti zitang'oka nayo. Mwambie atoboe kitundu pembeni, aingize waya, apime unene, kisha akutumie picha. Kama jamvi ni jembamba, amwage zege jipya kwa vipimo vya kitabu cha lifti na alipe muda wa kukomaa. Kawaida ni siku 28.

3. Kutoka sakafuni hadi kenchi ni mita ngapi?
Chukua kimo cha lifti ikiwa juu, jumlisha na kimo cha gari. Lifti inayopanda mita 1.8, ukaiweka Noah yenye mita 1.85, jumla ni mita 3.65. Banda la mita 3 litatobolewa bati siku ya kwanza. Lifti ya mkasi inayopanda mita 1 tu, Noah hiyo hiyo inafika mita 2.85. Inaingia, japo fundi atafanya kazi amekaa kwenye kigoda.

4. Umeme wako ni wa njia moja au njia tatu?
Nyumba nyingi zina njia moja, volti 230. Lifti nyingi zinazotoka China zinakuja kwa mota za aina zote mbili, na kwenye picha zinafanana. Muulize anayekuuzia kwa jumla, asome kibao cha mota, akutumie picha yake. Ukipeleka mota ya njia tatu kwenye nyumba ya njia moja, umepeleka chuma tu.

Ukishapata majibu, sasa ndo unachagua:

Nguzo mbili: matairi yananing'inia, fundi anafika kwenye breki, shokapu na giaboksi bila shida. Inataka zege na kimo.

Nguzo nne: gari linapanda kwa matairi yake, imetulia sana. Ila kufungua matairi unahitaji jeki ya ziada juu yake, na inakula nafasi.

Mkasi mfupi: unafaa uani, mwingine una magurudumu unasogezwa. Unafaa kwa breki, matairi na bushi. Ubaya wake unaziba katikati ya gari, giaboksi na eksozi inakuwa kazi. Nao unataka sakafu ngumu iliyo sawa.

Na kama majibu yote yamegoma? Mwambie ukweli. Muuzie jeki nzuri ya gereji na stendi nne zenye uzito unaofaa. Faida yako leo itakuwa ndogo, lakini fundi ataendelea kufanya kazi, na akijenga banda la maana atakutafuta wewe. Msisitizie: jeki ni ya kunyanyua, stendi ndo za kushikilia. Hakuna kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Hata lifti ni hivyo hivyo. Mafuta yanapandisha, loki za chuma ndo zinabeba. Gari likifika juu, lishushwe kidogo mpaka likae kwenye loki, ndipo mtu aingie.

Kuhusu mpaka: usidanganyike kwamba ukinunua Kisii au Nairobi inapita kirahisi. Ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mzigo usiozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Afrika Mashariki. Lifti ya China haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu imeuzwa Kenya. Uliza forodha pale kituo cha pamoja kabla hujapokea hela ya mteja, halafu weka ushuru, VAT na usafiri kwenye bei. Nguzo mbili zinaweza kuzidi nusu tani, kwa hiyo hesabu Canter na watu wa kushusha.

Ukiuza mtumba, usiuze kwa picha. Nenda uone inapanda na kushuka ikiwa na gari. Sikiliza loki zinagonga pande zote kwa pamoja, angalia waya uliokatika nyuzi, silinda inayovuja, na kibao cha uzito. Kibao hakipo? Achana nayo, maana hujui unachomuuzia mwenzako.

Nakili yale maswali manne, yaweke kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp yako. Mteja akiuliza "bei gani?", mtumie hayo kwanza. Atakayekasirika kuulizwa yupo, mwache aende. Atakayejibu ndiye mteja, na wewe utalala usingizi.

Una mteja anasumbuka kuchagua? Andika hapo chini aina ya gari, unene wa zege na kimo cha banda, tusaidiane.